Faili lako liko wapi? Misaada ya VVU na watumishi wetu wa afya

MLETA UZI

Wanajukwaa, salaam.

Nilikuwa afisa utumishi katika wilaya moja ya mashariki mwa Uganda kwa miaka 19 hadi nilipostaafu, na kazi yangu ilikuwa ya makaratasi: kutangaza nafasi, kupokea maombi, kuyapeleka mbele ya Tume ya Utumishi ya Wilaya, kuandika barua za ajira na kutunza mafaili ya watumishi, wengi wao wakiwa walimu na watu wa afya. Sikuwahi kumchoma mtu sindano. Ninaleta uzi huu kwa sababu mjadala wa misaada ya VVU hapa kwetu umeachiwa madaktari na wanasiasa, nao kila upande una hoja zake, lakini swali ambalo mimi ningeanza nalo silisikii likiulizwa: mtumishi aliyelipwa kwa fedha za msaada, faili lake lilikaa kwenye kabati la nani?

Nianze na asubuhi moja. Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2025 Marekani ilituma agizo kwamba kazi zinazogharimiwa na misaada yake ya nje zisimame, siku nne baada ya Rais Trump kutia saini amri ya kuizuia misaada hiyo kwa siku 90. Jumatatu iliyofuata nilimsindikiza shangazi yangu kupima presha katika kituo kimoja cha afya cha daraja la nne, yaani chini kidogo ya hospitali, na siku hiyo ilikuwa siku ya kliniki ya VVU. Mabenchi yalikuwa yamejaa tangu saa moja. Dawa zilikuwemo stoo, na muuguzi wa serikali alikuwepo. Kilichokosekana ni ufunguo wa chumba cha mafaili ya wagonjwa, kwa kuwa karani aliyekuwa akiutunza aliajiriwa na mradi, naye alikuwa amepigiwa simu na kuambiwa asikanyage kazini. Muuguzi yule, ambaye ana zaidi ya miaka kumi mahali pale, aliniambia kwamba hajawahi kuingia kwenye chumba kile peke yake. Mwishowe aliitwa seremala wa ng'ambo ya barabara aje ang'oe kitasa, na kabati zilipofunguliwa ikaonekana kwamba mafaili yamepangwa kwa namba za mradi, na orodha ya kuoanisha namba na majina imo kwenye kompyuta ambayo neno lake la siri alikuwa nalo karani. Wagonjwa wakapewa dawa za wiki mbili mbili kwa kusomewa vikadi walivyokuja navyo mkononi.

Ruhusa ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha ilitoka Washington siku chache baadaye, lakini fedha hazikufuata kwa mwendo huo huo, na karani hakurudi.

Sasa fikirini watu waliokuwa wakifanya kazi katika kliniki ile. Walikuwa wa aina mbili, ingawa sare ni moja na wagonjwa wote waliwaita musawo, yaani mganga. Wa kwanza jina lake limo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, faili lake liko wilayani, likizo yake inasainiwa na wakubwa wa wilaya, na akikosea anaitwa mbele ya kamati yetu. Wa pili faili lake liko Kampala kwenye ofisi ya shirika, mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na mkuu wa kituo hana uwezo wa kumwambia aende wodi ya wazazi hata kama mkunga yuko peke yake na akina mama watatu wamefikia kujifungua. Ninaposema utawala wa sekta ya afya nina maana hiyo tu: nani anaajiri, nani anasaini, na nani anaweza kusema, leo nenda wodi ile. Makongamano yamelitanua neno hilo mpaka halishiki kitu.

Tusisahau kwamba nchi hii haikuanza kupambana na UKIMWI siku wafadhili walipofika. Ugonjwa ulionekana kwa mara ya kwanza huko Rakai, kwenye mwalo wa Kasensero, mwaka 1982, watu wakauita Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Mpango wa kitaifa wa kuudhibiti ulianzishwa mwaka 1986, serikali mpya ikiwa bado haijakaa sawa kwenye viti. TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, ilianzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, wengi wao wakiwa watu walioguswa na ugonjwa wenyewe, na mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani mwaka 1989, mwaka ambao alifariki. Tume ya UKIMWI iliundwa kwa sheria mwaka 1992. Fedha za nje zilikuwepo hata wakati huo, lakini hazikuwa nyingi kiasi cha kuamua nani akae kwenye chumba gani.

Mambo yalibadilika dawa zilipokuja. Profesa Peter Mugyenyi wa kituo cha utafiti cha JCRC aliagiza dawa za bei nafuu kutoka India mwaka 2000, na Januari 2003 alikuwa miongoni mwa wageni walioketi na mke wa Rais Bush bungeni Washington wakati Rais huyo akitangaza PEPFAR, mpango wa Marekani wa kugharimia vita dhidi ya UKIMWI katika nchi nyingine. Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi 15 za mwanzo. Huo ulikuwa ukarimu mkubwa, na mimi nina ndugu wawili walio hai leo kwa sababu ya ukarimu huo, kwa hiyo asije mtu hapa akadhani naudharau. Lakini kidonge hakimfikii mgonjwa chenyewe, kinahitaji mkono wa kukitoa, na mikono haikuwepo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2006 lilitaja nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, 36 kati ya hizo zikiwa Afrika kusini mwa Sahara, na Uganda ilikuwemo. Kipimo kilikuwa madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000.

Mwenye fedha na haraka akikuta hali hiyo hufanya nini? Huajiri wake. Miradi ilitangaza nafasi kwa mshahara uliozidi wa serikali mara mbili au zaidi, na waliozichukua walitoka wapi kama si kwenye wodi zetu? Mwaka mmoja nilipokea barua nne za kuacha kazi ndani ya wiki tano, zote za watu wa kituo kimoja, na zote ziliandikwa kwa maneno yaliyofanana, kana kwamba walikaa meza moja wakainakili. Niliwatakia heri. Ningekuwa muuguzi ningeandika ya tano.

Kwa haki ni lazima niseme kwamba wafadhili wenyewe waliliona jambo hilo. Machi 2008 mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu watumishi wa afya ulifanyika hapa kwetu, Kampala, ukatoa Azimio la Kampala. Julai mwaka huo huo bunge la Marekani lilipouongezea PEPFAR muda, liliweka ndani ya sheria lengo la kufundisha na kubakiza kazini watumishi wapya wa afya 140,000. Miaka miwili baadaye ukaja mpango wa kuviimarisha vyuo vya udaktari vya Afrika, na Makerere ikaongoza muungano wa vyuo vyetu uliowapeleka wanafunzi kujifunzia vijijini badala ya kubanana Mulago, hospitali kuu ya Kampala. Nia ilikuwepo. Kilichobaki kigumu ni njia ya kuzipitisha fedha.

Hapa ndipo watu hunikatiza kwa kuniuliza kuhusu mwaka 2005, na wana haki. Agosti mwaka huo Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulisimamisha ruzuku zote za Uganda kwa matumizi mabaya ya fedha, ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji James Ogoola, na zuio likaondolewa Novemba. Wengi walijifunza kutokana na sakata lile kwamba serikali ya Uganda haifai kupewa fedha. Mimi nilijifunza tofauti kidogo. Fedha zile zilisimamiwa na kitengo maalumu kilichoundwa kwa ajili yake, kikiwa na watu wake na taratibu zake, pembeni ya ngazi za kawaida za wizara. Hesabu zake hazikupita kwenye meza ambazo karani wa kawaida angeuliza, risiti iko wapi? Sisemi kwamba meza za kawaida hazina wezi, kwa maana nimekaa nazo. Nasema kwamba kwenye meza hizo wizi unaacha karatasi, na karatasi ina faili.

Niwape sasa mfano ambao mimi huuona kuwa kazi bora kabisa ambayo fedha za VVU zimeifanya katika utumishi wa afya, na ajabu yake ni kwamba haina picha nzuri ya kubandika ukutani. Nilipoanza kazi, mtu akiniuliza wilaya yetu ina wauguzi wangapi nilikuwa na majibu matatu. Kulikuwa na orodha ya mishahara, ambayo ndani yake walikuwemo waliokufa. Kulikuwa na orodha ya Afisa wa Afya wa Wilaya, ambayo ndani yake walikuwemo waliokwenda masomoni wakabaki huko. Na kulikuwa na daftari langu la kurasa 96, nililolipiga mistari kwa rula, ambalo nilikuwa nikilijaza kwa kupanda boda boda kwenda kituo hadi kituo nikihesabu watu kwa macho. Orodha hizo tatu hazikupatana hata mwaka mmoja. Kisha, kwa fedha za Marekani, ikaja programu ya kompyuta ya taarifa za watumishi wa afya iitwayo iHRIS, ambayo hapa nchini ilianzia kwenye daftari la Baraza la Wauguzi na Wakunga, ikaendelea hadi wizarani na wilayani. Tulifundishwa wiki mbili, tukapewa kompyuta moja na betri ya kuihifadhia umeme, tukaambiwa: ingizeni kila mtu, cheti chake, tarehe yake ya kuzaliwa, kituo chake, tarehe ya kustaafu. Ilituchukua miezi saba. Mimi ndiye niliyegundua kwamba tabibu mmoja alikuwa akilipwa katika wilaya mbili.

Faida yake ilionekana bungeni. Mwaka 2012 wabunge walikataa kupitisha bajeti mpaka fedha za kuajiri watumishi wa afya zipatikane, na waliposimama kusema walikuwa na hesabu mkononi, kwamba nafasi zilizojazwa nchini ni kama asilimia 58 tu ya zilizoidhinishwa. Serikali ikatoa shilingi bilioni 49.5, wakaajiriwa watu zaidi ya 6,000 kwa ajili ya vituo vya daraja la tatu na la nne, na mshahara wa daktari wa kituo cha daraja la nne ukapandishwa hadi shilingi milioni 2.5 kwa mwezi. Miaka miwili baadaye nafasi zilizojazwa zilikuwa zimekaribia asilimia 70. Msaada ulilipia kuhesabu, na Waganda wenyewe wakalipia waliohesabiwa kuwa hawapo. Kila mmoja wa wale niliowaandikia barua za ajira mwaka ule alikuwa na faili kabatini kwangu, na Januari 2025 hakuna hata mmoja kati yao aliyepigiwa simu.

Kuhusu semina sitasema mengi. Kila mmoja wenu anaijua posho ya semina na anamjua tabibu aliyehudhuria mafunzo yale yale mara tatu chini ya nembo tatu tofauti.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnikosoe.

MKUNGA WA MPAKANI

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusoma mpaka mwisho nikiwa zamu ya usiku, na ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini kuna mahali umetuonea.

Mimi ni mmoja wa hao ambao faili lao liko Kampala. Niliajiriwa na mradi mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya Uganda kuanza utaratibu wa kumpa kila mama mjamzito mwenye VVU dawa za maisha bila kusubiri kinga yake ishuke. Kituo chetu kilikuwa na mkunga mmoja wa serikali. Huyo huyo alipima akina mama, alizalisha, alichanja watoto, na jioni aliandika ripoti. Niambie, mzee, akina mama hao wangesubiri Tume ya Utumishi ikutane? Wengine wanavuka kutoka Kenya, wengine ni wake wa madereva wa malori, leo yupo na kesho yuko Juba au Mombasa. Aliyesema aajiriwe mtu mwezi huu alisema kweli. Watoto niliowazalisha wakiwa salama kwa mama wenye virusi wako shuleni sasa, na mmoja ameniletea mahindi juzi.

Halafu unasema mkuu wa kituo hakuweza kutupeleka wodi ya wazazi. Kwenye karatasi ni kweli. Usiku saa nane hakuna karatasi. Nimezalisha akina mama ambao hawakuhusiana na mradi wangu hata kidogo, na katika ripoti ya mwezi sikuwaandika kwa sababu hakukuwa na safu ya kuwaandika.

Linaloniuma ni jingine. Nimeomba kazi wilayani mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa nafasi ipo lakini fungu la mshahara halipo. Mara ya pili nikaambiwa uzoefu wangu hauhesabiki kwa kuwa si wa serikali. Miaka kumi na miwili ya kuzalisha, katika kituo cha serikali, kwenye kitanda cha serikali, na hauhesabiki. Mimi nilikuwa wa nani?

MZEE WA ARUA

Mleta uzi, umeandika vizuri, lakini unazunguka. Nguo ya kuazima haisitiri. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja mwaka 2001 wakaahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya, nasi hatujaifikia. Mwaka 2014 tukatunga sheria ya UKIMWI iliyoanzisha mfuko wetu wenyewe, ambao ulipaswa kupata asilimia 2 ya kodi za bia, pombe kali, soda na maji ya chupa. Bia tunakunywa, soda tunakunywa, na miaka imepita mfuko ukisuasua. Kabla ya kumuuliza Mmarekani faili liko wapi, muulize Mganda fedha ya bia iko wapi.

Na kuhusu wale wenye faili wilayani: mwaka 2009 Rais alilazimika kuunda kitengo cha Ikulu cha kuwafuatilia wezi wa dawa na wahudumu wasiofika kazini. Walikuwa watumishi wa nani? Wa kwako, wenye mafaili. Mtu wa mradi asipofika kazini mwezi mmoja, mkataba unakwisha. Mtu wako asipofika, anastaafu na pensheni.

FUNDI WA MAABARA

Naongeza dogo tu, kwa sababu naona mnazungumza juu ya wauguzi peke yao. Kuanzia mwaka 2010 nchi hii imejenga utaratibu wa kusafirisha sampuli kwa pikipiki, kila eneo likiwa na maabara ya kitovu inayokusanya kutoka vituo vya jirani na kuzipeleka maabara kuu ya taifa, Butabika. Ulianzishwa kwa ajili ya damu za watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU. Mwendesha pikipiki analipwa kwa fedha za msaada, lakini njia anazopita zimepangwa na wizara, fomu ni za wizara, na boksi la baridi halina rangi ya mradi wowote. Ebola ilipozuka Mubende mwaka 2022, sampuli zilipita kwenye njia hizo hizo zilizozoeleka.

Ebola ikarudi tena, ikatangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, na wa kwanza kufa alikuwa muuguzi wa Mulago. Angalieni tarehe hiyo na ile aliyoitaja mleta uzi. Zilipishana siku sita. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, na waliofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni Waganda ambao wengi wao walijifunzia kazi kwenye VVU. Kwa hiyo mimi swali langu lingekuwa jingine kidogo: fomu unayoijaza ni ya nani?

MLETA UZI

Marahaba, binti yangu, na pole kwa zamu. Umenikosoa na ninapokea. Nilipoandika kwamba haikuwezekana kuwapeleka wodi ya wazazi nilikuwa naandika kama afisa, nikasahau saa nane za usiku. Hiyo safu iliyokosekana kwenye ripoti yako inaniambia zaidi kuliko aya zangu mbili, kwa sababu maana yake ni kwamba Kampala na Washington hawakujua kazi uliyoifanya, na wilaya pia haikujua.

Kuhusu uzoefu wako kutohesabiwa, nitasema wazi kwamba aliyekujibu hivyo alikosea, na wenye kazi yangu tumewakosea wengi. Ila la fungu la mshahara ni la kweli, na ndilo kiini. Wilaya haiwezi kutangaza nafasi hata ikiwa tupu miaka kumi, mpaka Wizara ya Fedha ithibitishe mshahara upo na Wizara ya Utumishi wa Umma itoe kibali. Ndiyo maana nchi hii ina vituo visivyo na wakunga na wakunga wasio na kazi kwa wakati mmoja, na mgeni huwa haamini mpaka umwoneshe barua.

Tulijaribu njia ya tatu mara moja. Mradi mmoja ulikubali kuleta fedha za mishahara bila kuajiri. Sisi tulitangaza, Tume ikasaili, barua zikatoka wilayani kwa ngazi ya mshahara wa serikali, na makubaliano yakasema kwamba baada ya miaka miwili tuwachukue. Wenye mradi walinung'unika kwamba tunachelewa, na kweli tulichelewa miezi mitano. Tuliajiri tisa. Miaka miwili ilipokwisha tukawachukua saba, baada ya Afisa Mkuu wa Utawala kuandikia Kampala barua tatu, na ya tatu aliipeleka mwenyewe kwa gari lake. Wawili fungu liliwaishia. Mmoja alikwenda hospitali ya misheni, mwingine sijui alikokwenda. Saba kwa tisa si sifa ya kujipigia ngoma, lakini wale saba wapo kazini leo.

Mzee wa Arua, la bia sina jibu, unalosema ndilo. La watoro nitakujibu. Ni kweli kwamba faili peke yake halimleti mtu kazini. Nimewahi kupeleka mbele ya kamati jina la muuguzi aliyekosekana siku 41, na kikao kikaahirishwa mara nne kwa sababu mjumbe mmoja alikuwa shemeji yake. Lakini angalia kilichofanyika baadaye: wale wale wa iHRIS walituletea utaratibu wa kuhesabu siku za kazi kila mwezi kutoka kwenye daftari la mahudhurio na kubandika matokeo ubaoni kituoni, majina na siku. Hakuna aliyefukuzwa. Ila shemeji wa mjumbe alianza kufika, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakisoma ubao wakisubiri foleni.

Fundi, hoja yako naichukua bila ubishi.

Sasa, tulipo. Mapema mwaka 2025 Wizara ya Afya iliagiza kliniki za VVU na za kifua kikuu ziache kusimama peke yake, ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Septemba mwaka huo Marekani ilitoa mkakati mpya unaosema kwamba itaendelea kwa sasa kulipia dawa na watumishi wa mstari wa mbele, kisha mzigo uhamie serikalini hatua kwa hatua. Desemba Uganda ikasaini makubaliano ya miaka mitano: hadi dola bilioni 1.7 kutoka Marekani, na dola milioni 500 za nyongeza kutoka kwetu. Mishahara haitasubiri miaka mitano. Uhamisho wa mtumishi mmoja, kutoka kibali mpaka mshahara wa kwanza, ulikuwa ukinichukua miezi kumi na minne mambo yakienda vizuri, na hao wa miradi wako maelfu. Kitu kimoja kimekuwa chepesi kuliko zamani: tangu Julai 2022 daktari wa serikali mwenye shahada ya kwanza analipwa shilingi milioni 5, kwa hiyo kwa madaktari serikali haioni tena aibu kutangaza nafasi. Kwa wenye vyeti na stashahada bado.

Binti yangu, fanya hivi. Usisubiri uhamisho wa jumla. Andika barua kwa Afisa wa Afya wa Wilaya ukiomba taarifa zako ziingizwe kwenye mfumo wa watumishi ukiwa hapo hapo kwenye mkataba, mfumo una nafasi ya kuandika kwamba mlipaji ni mradi. Mkuu wa kituo akuandikie barua ya huduma, siyo shirika, yeye, ikitaja miaka na wodi. Nafasi zikitangazwa, jaza fomu namba 3 ya utumishi wa umma, nakala tatu, na kila nakala iwe na picha yake. Nimeona watu wazuri wakiachwa kwa picha.

MKUNGA WA MPAKANI

Mzee wangu, asante. Narudi na taarifa baada ya wiki tatu.

Barua ya huduma nimepata. Mkuu wa kituo aliiandika mbele yangu, akataja wodi ya wazazi, akataja na zamu za usiku. Wilayani nilikwenda Jumatano. Kijana wa kompyuta alinitafuta kwa jina akanikuta nimo tayari: mtu aliniingiza mwaka 2016, cheti changu kipo, tarehe ya kuzaliwa ipo, ila mahali pa kituo pameandikwa jina la mradi ambao ulikwisha zamani. Amelifuta, ameandika jina la kituo chetu. Kisha akafungua droo, akatoa kijalada cha rangi ya kaki, akaandika jina langu juu kwa kalamu nene na kuniuliza kama herufi ya mwisho ni a au e.

Wametangaza nafasi mbili za wakunga. Tumeomba 63. Nakala tatu nimepeleka, na picha nimezibandika kwa gundi, sikuzibana kwa pini.